MKOPO MWEMA TUMEUUA SISI WENYEWE



Ndugu zangu katika imani, leo naomba mnivumilie. Somo ni refu na lina uchungu, na uchungu wenyewe naanza kuumeza mimi.

Karibuni nilirudi nyumbani Gwarama kuzika. Kwa wasiopafahamu, Gwarama ni huku juu Buha, Kakonko, ile iliyokuwa Kibondo kabla wilaya haijagawanywa. Aliyefariki ni mzee wetu, jirani wa marehemu baba yangu, mkulima wa maharage na mahindi. Tukamswalia. Kabla ya kunyanyua jeneza akasimama msemaji wa familia, kama ilivyo desturi yetu, akasema: "Kama kuna mtu anamdai marehemu, asione haya, awaone watoto wake."

Watu kimya. Hakujitokeza mtu siku ile, wala ya pili, wala ya tatu. Mzee amekufa hana deni la mtu. Tukasema Alhamdulillah, mwisho mwema.

Siku ya tatu kijana wake mkubwa akaniita pembeni. Mkononi ana daftari la shule, jalada limechakaa. Ndani ni mwandiko wa mzee: jina, kiasi, tarehe. Si watu wanaomdai yeye. Ni watu ANAOWADAI. Waliolipa amewapigia mstari, nao ni wachache. Ukurasa wa nne nikakutana na jina langu. Shilingi 40,000, nauli na matumizi ya kwenda Ujiji kusoma, mwaka 2009.

Mtasema sheikh alisahau. Hapana, nisiwadanganye. Sikusahau. Nilikumbuka kila nilipomwona mzee, nikampa mkono, nikamwombea dua ndefu, na moyoni nikajiambia: mwenyewe hajauliza.

Kisha kijana akaniambia la pili. Mzee alipougua, nyumbani ilitakiwa laki mbili ya hospitali. Watoto walitaka kupita kwa watu wa daftari, mzee akakataa, akasema wakiwa nazo wataleta. Mama yao akaenda kuchukua mkopo wa kausha damu. Laki mbili, arudishe laki mbili na sitini baada ya mwezi, na akichelewa inaongezeka. Leo mama yuko eda, deni limepita laki nne, na mkopeshaji ameshaondoka na baiskeli na mbuzi wawili.

Tukajumlisha daftari. Wasiolipa jumla ni laki sita na arobaini.

Sasa niambie wewe unayesoma: nani amemtia mama yule katika riba? Mkopeshaji peke yake? Au na mimi, mtu wa kilemba, niliyeshika 40,000 ya mume wake miaka yote ile?

NENO LANGU LEO NI HILI

Sisi Waislamu tunapiga kelele sana juu ya riba, na haki yetu kupiga kelele. Lakini tunasimulia nusu ya habari. Riba haikuja kijijini ikakuta mlango umefungwa, ikauvunja. Ilikuta mlango wazi, na tuliofungua ni sisi tunaokopa kwa wema na tusilipe. Mkopo mwema, al-qardhul-hasan, ndio uliokuwa ukuta wetu. Jirani alikuwa anakukopesha mbegu mwezi wa kumi, unarudisha mbegu baada ya mavuno, debe kwa debe. Mwenye duka alikuwa anakupa chumvi na sabuni kwa neno lako tu. Leo jirani yule yule ana hela ndani, ana maharage ghalani, na ukimwomba anakuapia kwamba hana. Kwa nini? Kwa sababu alishakopesha watu wanne, watatu wakaanza kupita njia ya nyuma.

Basi ukimkuta amefunga mkono, usimwite bahili haraka. Muulize kwanza nani alimfundisha.

DINI IMESEMA NINI

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Suratul-Baqara aya ya 282, si ya swala wala ya Hija. Ni ya deni. Allah ameagiza tuliandike, liwe dogo au kubwa, tuweke muda wake na mashahidi. Sisi tukiambiwa tuandike tunanuna: "Kwani huniamini?" Ndugu yangu, aliyekuumba ndiye aliyeagiza kuandika. Jirani yako ni nani aache?

Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wasallam) aliletewa jeneza, akauliza kama marehemu ana deni. Akaambiwa anadaiwa dinari chache na hakuacha cha kulipia. Akawaambia Maswahaba wamswalie wao. Hakusogea mpaka Abu Qatada (Allah amridhie) alipolibeba deni lile shingoni mwake. Dinari chache tu! Na shahidi aliyeuawa katika njia ya Allah, kwa hadithi iliyo katika Sahihi Muslim, anasamehewa kila kitu isipokuwa deni. Shahidi! Wewe na mimi tuna kipi cha kumzidi?

Na Mtume alikuwa akijikinga kwa Allah na deni ndani ya swala yake. Alipoulizwa kwa nini anajikinga nalo sana, akaeleza kwamba mtu akidaiwa husema akadanganya, na huahidi akavunja. Jitazame wewe na simu yako. Anayekudai akipiga, unampa mtoto apokee aseme baba kaiacha nyumbani. Deni limekufanya mwongo, kisha limemfundisha uwongo mtoto wako wa miaka saba.

VISINGIZIO VYETU

Cha kwanza: "Sheikh, hali ni ngumu, na Qur'ani imesema mwenye dhiki apewe muda." Kweli, ni Al-Baqara aya ya 280. Lakini angalia anaambiwa nani. Anaambiwa anayedai, awe na huruma. Wewe unayedaiwa hukupewa aya ile ujifunike kama blanketi. Na ni ya mwenye dhiki ya kweli. Mtume amesema mwenye uwezo akichelewesha deni ni dhulma, na hadithi hiyo iko kwa Bukhari na Muslim. Umenunua simu mpya, umeezeka upya, umechangia harusi laki moja ili jina lisomwe, halafu kwa mzee wa watu una dhiki? Dhiki gani hiyo inayomchagua mtu mmoja tu?

Cha pili: "Yule ana uwezo, hazihitaji." Nani kakupa kazi ya kuhesabu mahitaji yake? Mzee wetu naye alionekana hazihitaji, mpaka siku alipougua. Hela yake ingekuwa kwake, mkewe asingekanyaga kwa mla riba.

Cha tatu: "Nitamwomba anisamehe." Kuomba si vibaya. Lakini kumwomba msamaha mtu aliyekata tamaa ya kulipwa ni kumpora mara ya pili, na mara hii kwa tabasamu. Mpelekee kwanza ulichonacho, hata elfu mbili, ndipo umweleze hali.

Cha nne: "Ameshakufa, yameisha." Yameisha? Ndiyo yameanza! Deni ulilodaiwa na marehemu ni mali ya warithi wake. Sasa unadaiwa na mjane na yatima.

MLA RIBA NAYE HAPONI

Asije mtu akasema sheikh anawatetea kausha damu. Sitetei. Mtume amemlaani mla riba, anayemlisha, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa. Wanaokamata kadi ya benki ya mwalimu au kitambulisho cha mjane kuwa dhamana, wakabeba mpaka godoro, ni madhalimu. Hata sheria ya nchi haiko nao. Tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayomtaka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu iliwawekea wakopeshaji wa daraja la pili kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Mbele ya Allah hata hiyo 3.5 ni riba, msininukuu vibaya. Naitaja ujue kwamba anayekutoza asilimia 30 kwa mwezi yuko nje ya dini NA nje ya sheria. Usimwogope kana kwamba ana haki zote. Haki yake ni rasilimali yake, ile aliyokupa. Aya ya 279 ya Al-Baqara imeliweka wazi hilo.

Na ile mikopo ya kwenye simu inayowatumia ujumbe wa kukuaibisha watu wote uliowahifadhi, wakiwemo wakwe zako: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Kabla hujabonyeza "kubali" na kuwafungulia orodha yako ya simu, jiulize kama ungewapa daftari lako la siri watu usiowajua hata sura.

Kuna nyingine ya kwetu huku shambani. Mwezi wa kumi na mbili chakula kimekwisha, maharage bado maua. Anakuja mtu: "Chukua 20,000, ukivuna nipe madebe mawili." Wengi wanauliza, ni biashara au riba? Jibu: inategemea mmefanya nini. Uislamu una biashara iitwayo salam. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakiuza matunda yao mwaka mzima kabla, akawaruhusu kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Kwa hiyo kama ni kuuziana, bei ilipwe yote siku ile ile, aina na ubora vielezwe, kipimo na tarehe viandikwe, wala isifungwe na shamba moja ambalo mvua ya mawe ikipita limekwisha. Ama kama ni mkopo wa fedha, na yale madebe ni njia ya kurudisha zaidi ya kilichotolewa, hiyo ni riba iliyofunikwa majani ya maharage. Na hata katika salam, mwenye kumcha Allah hamkabi ndugu yake kwa bei ya njaa.

Tazama na mwisho wa habari hiyo. Mavuno yakitoka, maharage yanaondoka kwa magunia kulipa, nyumbani mnabaki na ugali wa muhogo na mchuzi wa chumvi. Muhogo unashibisha, lakini haujengi mwili wa mtoto kama maharage na dagaa wanavyoujenga. Tunalima chakula bora, tunakilisha deni. Nabii Yusuf ('alayhis-salaam) aliwaelekeza Wamisri wahifadhi nafaka ndani ya masuke yake, wakaacha kidogo cha kula, ikawavusha miaka saba ya ukame. Nasi tutenge kwanza. Siku ya kuvuna, kabla ya gunia la kuuza, yatoke ya mbegu na ya sufuria ya watoto. Yakitengwa hayo, mwezi wa kumi na mbili hutamhitaji mwenye 20,000.

ADABU ZA KUKOPA KWA HESHIMA

1. Jiulize unakopea nini. Ugonjwa, mbegu, ada ya mtoto, hayo ni mahitaji. Soda, biskuti na vocha kwenye daftari la duka si mahitaji. Mpitie mwenye duka uone deni lako limeandikwa nini. Kama nusu ni soda na sukari, unakopa maradhi kwa malipo ya baadaye. Kuna maji, ndizi, parachichi na kisamvu ambavyo havikuandiki daftarini. Na harusi ya kukopa ni wiki moja ya pilau na mwaka mzima wa kujificha.

2. Andika. Nakala mbili, kiasi, tarehe, mashahidi. Ukikopa kwa simu, hifadhi ujumbe.

3. Panga tarehe kwa kipato chako. Kama hela yako inatoka shambani mwezi wa sita, usiahidi mwezi wa tatu ili tu upewe. Huo ni uwongo ulioandikwa tarehe.

4. Nenda KABLA ya siku. Ukiona hutaweza, mwendee siku tatu kabla, na kidogo mkononi. Anayekudai haumizwi sana na kuchelewa kama anavyoumizwa na kutafutwa kwa tochi.

5. Rudisha kwa wema. Mtume alikopa ngamia mchanga, akarudisha aliye bora zaidi, akasema wabora wetu ni wanaolipa vizuri zaidi. Ukiongeza kwa hiari yako, bila sharti wala mazoea ya kudaiwa nyongeza, hiyo si riba, ni ihsani.

6. Deni dogo ni deni. Wewe mwenye nyumba za kupangisha kule Kasulu mjini, nisikilize. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 ikawa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kodi ile ni ya mwenye jengo. Mpangaji akinunua umeme ikakatwa, amekulipia wewe. Kama hamkukubaliana chochote na humrudishii kwenye pango, una deni lake, na miaka minne ni zaidi ya 60,000. Unaswali safu ya mbele, na nyuma yako amesimama mpangaji anayekudai.

7. Mkopo wa halmashauri si sadaka. Sheria imetenga asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, na haina riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Hapa ndipo penye mtihani wetu. Tunalia hatuna mkopo usio na riba, ukija tunagawana na kikundi kinakufa. Fedha ile ingerudi ingemfikia mama mwingine, naye asingeenda kwa kausha damu. Usipolipa hujaikomoa serikali, umemkomoa mama yule.

8. Weka wasia. Katika mirathi, deni linatolewa kabla ya warithi kugawana. Watoto wako wajue nani anakudai na nani unamdai. Mzee wetu alituachia somo kwa daftari la shule tu.

KWETU SISI MAIMAMU

Nasi tusijifiche nyuma ya mimbari. Tunachangisha bati, kapeti na spika. Lini tumechangisha kwa ajili ya mwenye deni? Allah amewataja wenye madeni, al-ghaarimiin, katika wanaostahiki zaka, Suratut-Tawba aya ya 60. Na Allah alipomfungulia Mtume wake mali, alilipa mwenyewe madeni ya waumini waliokufa bila kuacha kitu. Msikiti wenye zaka na usio na hata fungu dogo la kumkomboa mjane, unaswalisha watu na kumwachia mla riba kazi ya kuwasaidia.

Na tusuluhishe. Ka'b bin Malik na mdaiwa wake walipandisha sauti ndani ya msikiti, Mtume akatoka, akamwashiria Ka'b apunguze nusu. Ka'b akakubali hapo hapo. Kisha Mtume akamgeukia mdaiwa: inuka, ulipe. Zingatia mambo mawili yaliyokwenda pamoja. Mwenye kudai amelegeza, na mdaiwa AMEINUKA. Sisi tunapenda sana hotuba ya kumlegeza anayedai. Ya kumwinua mdaiwa haitolewi.

NILICHOFANYA, NA NINACHOKUOMBA

Nilimpa kijana 40,000 mbele ya ndugu zake. Nikaongeza juu, kwa sababu 40,000 ya 2009 haikuwa ya leo, na hakuna aliyenidai nyongeza. Nikawaomba radhi. Wakanisamehe. Lakini mzee mwenyewe sikumkuta. Dua zote nilizomwombea akiwa hai, nadhani angependa zaidi nimpe hela yake.

Wengine waliomo daftarini sitawataja. Baadhi mnasoma hapa, mnajijua. Familia mnaifahamu, njia mnaifahamu. Kila atakayepeleka chake wiki hii anamtoa mama yule hatua moja mikononi mwa mla riba.

Na wewe usiye wa Gwarama, chukua karatasi usiku huu kabla ya kulala. Andika kila anayekudai, hata wa elfu moja, hata yule uliyeacha kupita njia yake. Chagua mmoja. Kesho mpigie wewe, usingoje akupigie. Mwambie: sijasahau, nachukua hatua. Kwa hadithi ya Bukhari, anayechukua mali za watu akiwa na nia ya kulipa, Allah humlipia. Anayezichukua kwa nia ya kuziangamiza, Allah humwangamiza. Nia yako anaijua Allah, lakini jirani yako ataijua kwa simu ya kesho.

Ewe Allah, tukinge na dhambi na deni. Mrehemu mzee wetu, na utulipie tuliyoshindwa kwa kweli. Tuliyoyafanyia ujanja, tupe haya ya kuyalipa kabla majeneza yetu hayajanyanyuliwa. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq. Mtumie aliye na daftari, na asiye na daftari.